Kukabidhi Mamlaka, Kukabidhi Lugha: Mwisho wa Utawala wa Mpito wa Umoja wa Mataifa nchini Timor ya Mashariki

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna Umoja wa Mataifa ulivyoitawala Timor ya Mashariki katika kipindi cha mpito kuanzia mwaka 1999, hatua zilizofuatwa katika kuyarejesha mamlaka kwa wenyeji tarehe 20 Mei 2002, na misukosuko iliyozuka mwaka 2006 baada ya walinda amani kuondoka. Hoja kuu ni kwamba kukabidhi mamlaka si suala la bendera na tarehe pekee. Ni suala la lugha pia: sheria imeandikwa kwa lugha gani, nani anaweza kuisoma, na nani amebaki nje ya mlango wa ofisi kwa sababu lugha ya ofisi si yake. Tajriba ya Timor inalinganishwa kwa ufupi na kuondoka kwa walinda amani katika mkoa wa Kivu Kusini, nchini Kongo, mwaka 2024.

1.0 UTANGULIZI

Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inamtazama mgeni kama mtu ambaye hatimaye atashiriki kazi ya mwenyeji wake. Haikumtarajia mgeni anayefika na kukuta nyumba imeteketezwa, mwenyeji amekimbilia milimani, na ambaye siku ya kwanza anakabidhiwa si jembe tu bali shamba lote, ghala na funguo za nyumba. Mgeni wa namna hiyo ataondoka lini? Na atakapoondoka, funguo zitafungua milango ile ile ambayo mwenyeji anaijua?

Maswali haya ndiyo kiini cha mijadala kuhusu kumalizika kwa shughuli za kulinda amani. Aghalabu mijadala hiyo huachiwa wataalamu wa siasa na sheria za kimataifa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kujiunga nayo. Mamlaka hutolewa kwa maneno, hutumiwa kwa maneno na hurejeshwa kwa maneno. Azimio la Baraza la Usalama ni matini. Katiba ni matini. Pale ambapo matini hizo hazieleweki na wale wanaotawaliwa nazo, basi pana pengo ambalo wanajeshi hawawezi kuliziba.

2.0 ISTILAHI MUHIMU

Kabla ya kuingia katika kisa chenyewe, inafaa kuzifafanua istilahi chache. Agizo ambalo Baraza la Usalama hulipa jeshi la kulinda amani limefasiriwa kwa Kiswahili kwa namna mbalimbali. Wapo wanaoliita mamlaka, wapo wanaoliita idhini, na wapo wanaoliita jukumu. Kila neno linaangaza upande mmoja wa dhana hii. "Mamlaka" ni jamaa wa maneno "miliki" na "malkia", na hivyo hukaribia maana ya kumiliki. "Idhini" ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na mtu mwingine, ambaye aweza kuiondoa. "Jukumu" ni mzigo ambao mtu ameubeba na ambao ataulizwa habari zake.

Liko neno la nne ambalo wakazi wa Afrika Mashariki walilifahamu mapema: udhamini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikisimamiwa na Uingereza hadi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Dhamana ni kitu ambacho mtu amewekewa akitunze kisha akirudishe. Kwa hivyo, neno hili linabeba ndani yake ahadi ya kurudisha.

Istilahi ya mwisho ni "mpito". Nomino hii imetokana na kitenzi "pita". Utawala wa mpito, kwa jina lake lenyewe, ni utawala unaopita. Utawala wowote wa mpito unaosahau jambo hili huwa umelisaliti jina lake. Katika makala haya, "idhini" itatumika kwa maana ya agizo la Baraza la Usalama, na "mamlaka" kwa maana ya uwezo halisi wa kutawala. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa idhini yaweza kumalizika kwa siku moja, ilhali mamlaka huchukua miaka kuhama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

3.0 USULI WA KIHISTORIA

Timor ni kisiwa kilicho kaskazini mwa Australia. Nusu yake ya magharibi ilitawaliwa na Waholanzi na baadaye ikawa sehemu ya Indonesia. Nusu ya mashariki ilikuwa koloni la Ureno. Mapinduzi yalipotokea nchini Ureno mnamo Aprili 1974, makoloni yake yalianza kujiandaa kwa uhuru. Chama cha FRETILIN kilitangaza uhuru wa Timor ya Mashariki tarehe 28 Novemba 1975. Uhuru huo ulidumu kwa siku tisa tu. Tarehe 7 Desemba majeshi ya Indonesia yaliivamia nchi hiyo, na mwaka uliofuata Indonesia ikaitangaza kuwa mkoa wake wa 27. Umoja wa Mataifa haukuitambua hatua hiyo.

Miaka 24 iliyofuata ilikuwa ya maangamizi. Tume ya ukweli na maridhiano iliyoundwa baadaye ilikadiria kuwa watu wasiopungua 100,000 walipoteza maisha kutokana na mgogoro huo, wengi wao kwa njaa na maradhi. Ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2005 ilipewa jina la Kireno, Chega!, ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa "Basi, yatosha!" Dunia ilianza kusikiliza zaidi baada ya mauaji ya waombolezaji katika makaburi ya Santa Cruz mjini Dili, tarehe 12 Novemba 1991. Mwaka 1996 Askofu Carlos Filipe Ximenes Belo na José Ramos-Horta walituzwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Amani.

Rais Suharto wa Indonesia alijiuzulu mnamo Mei 1998. Mrithi wake, B. J. Habibie, alikubali wananchi wa Timor waulizwe wanataka nini. Makubaliano yalitiwa saini mjini New York tarehe 5 Mei 1999 baina ya Indonesia, Ureno na Umoja wa Mataifa. Kura ilipigwa tarehe 30 Agosti 1999, na asilimia 78.5 ya wapiga kura waliikataa hadhi ya kujitawala ndani ya Indonesia. Walichagua, kwa maneno mengine, njia ya uhuru.

Adhabu ya uchaguzi huo ilikuwa kali. Wanamgambo, wakisaidiwa na askari wa Indonesia, waliua zaidi ya watu 1,000, wakachoma nyumba, shule, zahanati na ofisi, na kuwasukuma takriban watu 250,000 hadi Timor ya Magharibi. Rejista za ardhi, kumbukumbu za mahakama na vyeti viliteketea. Tarehe 20 Septemba jeshi la kimataifa lililoongozwa na Australia lilitua Dili. Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyochangia wanajeshi.

4.0 MAMLAKA YOTE MKONONI MWA MMOJA

Tarehe 25 Oktoba 1999, kwa azimio nambari 1272, Baraza la Usalama liliunda ujumbe uliojulikana kwa kifupi kama UNTAET. Idhini yake haikuwa na mfano mwingi katika historia. Kwa kawaida walinda amani husimama baina ya pande mbili zenye uhasama na kuchunga mkataba uliokwisha kutiwa saini. Huku Timor, Umoja wa Mataifa ulipewa uwezo wote wa kutunga sheria, kuzitekeleza na kusimamia haki. Walinda amani wakageuka serikali.

Aliyekabidhiwa uwezo huo ni Sérgio Vieira de Mello, mwanadiplomasia kutoka Brazil. Kanuni ya kwanza aliyoitoa, mnamo Novemba 1999, ilieleza bayana kuwa mamlaka yote ya kutunga na kutekeleza sheria, pamoja na usimamizi wa mahakama, yalikuwa kwa UNTAET na yangetumiwa na Msimamizi wa Mpito. Angeweza kumteua mtu yeyote na kumfuta. Kwa hakika, hata gavana wa kikoloni wa Kireno angeutamani uwezo huo.

Ni haki kusema kuwa mzigo nao ulikuwa mkubwa. Majaji na mawakili wa Indonesia walikuwa wameondoka. Ili kuwapata Watimor waliosomea sheria, ilibidi vikaratasi vya tangazo vidondoshwe kutoka angani kwa ndege za jeshi. Mapema Januari 2000 majaji wa kwanza wenyeji waliapishwa. Wengi walikuwa vijana waliohitimu katika vyuo vya Indonesia, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukalia kiti cha jaji. Walifanya kazi katika majengo yaliyoungua, bila vitabu, na mara nyingi bila viti.

Hata hivyo, lawama zilizuka upesi. Baraza la ushauri lililoundwa Desemba 1999 lilikuwa na wajumbe 15, na 11 kati yao walikuwa Watimor, lakini kazi yake ilikuwa kushauri tu. Wenyeji waliopigania uhuru kwa robo karne walijikuta wakiomba vibali kwa wageni waliofika juzi. Hata miongoni mwa maafisa wa UNTAET wapo waliolalamika. Jarat Chopra, aliyekuwa akisimamia utawala wa wilaya, alijiuzulu na kuandika makala mwaka 2000 akiuita utawala huo ufalme wa Umoja wa Mataifa.

5.0 LUGHA YA SHERIA NA LUGHA YA WATU

Katika kanuni ile ile ya kwanza mna kifungu kifupi ambacho wachambuzi wengi wa siasa hukipita bila kukitazama. Kinaeleza kuwa kanuni za UNTAET zitatolewa kwa Kiingereza, Kireno na Kitetum, na kwamba tafsiri za Kiindonesia zitapatikana inapohitajika. Kisha kinaongeza kuwa iwapo matini hizo zitahitilafiana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa.

Kifungu hiki kinastahili kutafakariwa na mwanafunzi yeyote wa isimujamii. Kila lugha miongoni mwa hizo nne ilikuwa na historia na wenyewe.

Kwanza, Kitetum ndicho kilichokuwa lugha ya mawasiliano baina ya jamii mbalimbali za nchi hiyo. Hadhi yake ilipanda mwaka 1981 Kanisa Katoliki lilipoamua kukitumia katika ibada baada ya Kireno kupigwa marufuku. Lugha iliyosaliwa kanisani wakati wa uvamizi ikawa lugha ya utambulisho wa taifa. Hata hivyo, haikuwa na istilahi za kutosha za sheria na utawala.

Pili, Kireno kilikuwa lugha ya mkoloni wa kwanza. Kwa viongozi waliosoma kabla ya mwaka 1975, pamoja na wale waliokaa uhamishoni Ureno, Msumbiji na Angola, Kireno kilikuwa lugha ya upinzani dhidi ya Indonesia. Tatu, Kiindonesia kilikuwa lugha ya mvamizi, lakini ndicho kizazi kizima kilichosoma kati ya mwaka 1975 na 1999 kilichofunzwa nacho kusoma na kuandika. Nne, Kiingereza kilikuwa lugha ya ofisi za UNTAET. Kilikuja na magari meupe, na ndicho kilichotoa ajira.

Matokeo yake yalionekana mahakamani. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya Indonesia, ila pale ilipokinzana na viwango vya kimataifa vya haki za binadamu. Mabaraza maalumu yaliyoundwa mwaka 2000 kusikiliza kesi za uhalifu mkubwa yalikuwa na majaji wawili wa kigeni na mmoja mwenyeji. Shahidi angeweza kutoa ushahidi kwa Kitetum au lugha nyingine ya kienyeji, maneno yake yakafasiriwa kwa Kiindonesia, kisha Kiingereza au Kireno, kabla ya kufika kwa jaji. Mwanafunzi aliyewahi kufanya kazi ya tafsiri anajua kinachopotea katika kila daraja. Mjane aliyekuwa akieleza jinsi mumewe alivyouawa alikuwa akisikilizwa na mtu wa tatu au wa nne kutoka kwake.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuwatwika wageni lawama zote. Uamuzi wa kukifanya Kireno lugha rasmi ulifanywa na viongozi wa Timor wenyewe, na ukathibitishwa na Katiba ya mwaka 2002, iliyovitambua Kitetum na Kireno kuwa lugha rasmi. Kiindonesia na Kiingereza vilibakia kuwa lugha za kazi kwa muda utakaohitajika. Kwa kijana wa Dili aliyesoma kwa Kiindonesia, uhuru ulimaanisha kuwa sheria ilitoka katika lugha moja asiyoimudu na kuingia katika nyingine asiyoimudu. Majaji vijana wa mwaka 2000 walionja machungu ya jambo hili. Walipelekwa mafunzoni, na mafunzo hayo yaliendeshwa kwa Kireno. Matokeo ya tathmini yalipotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2005, hakuna jaji mwenyeji hata mmoja aliyefaulu. Viti vyao vikakaliwa na majaji wa kigeni, miaka mitatu baada ya uhuru.

Msomaji wa Kenya asiwacheke Watimor. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipandisha Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 259, inaeleza kuwa matini za lugha tofauti zikihitilafiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Ni kauli inayofanana na ile ya UNTAET, nayo iliandikwa karibu miaka 47 baada ya bendera ya mkoloni kushushwa.

6.0 HATUA ZA KUREJESHA MAMLAKA

Yapo mengi ambayo UNTAET iliyatenda vyema, na la kwanza ni kuisikia lawama. Mwaka 2000 de Mello aliwasilisha kwa viongozi wa Timor mapendekezo ya kugawana madaraka. Kuanzia Julai mwaka huo, makabidhiano yalipitia ngazi zifuatazo.

Ngazi ya kwanza ilikuwa baraza la mawaziri la mseto, ambapo wizara nne zilishikwa na Watimor na nne na maafisa wa kimataifa. Ngazi ya pili ilikuwa Baraza la Taifa lililochukua nafasi ya baraza la ushauri. Baraza hili lilianza vikao Oktoba 2000 likiwa na wajumbe Watimor watupu, chini ya uongozi wa Xanana Gusmão, kamanda wa zamani wa wapiganaji aliyefungwa na Indonesia. Ngazi ya tatu ilikuwa uchaguzi wa Bunge la Katiba lenye viti 88, uliofanyika tarehe 30 Agosti 2001, miaka miwili kamili baada ya kura ya kukataa utawala wa Indonesia. FRETILIN ilipata viti 55. Mwezi uliofuata iliundwa serikali ya pili ya mpito ambayo mawaziri wake wote walikuwa Watimor, ikiongozwa na Mari Alkatiri. Ngazi ya nne ilikuwa Katiba, iliyotiwa saini tarehe 22 Machi 2002. Ya tano ilikuwa uchaguzi wa rais wa tarehe 14 Aprili 2002, ambao Gusmão aliushinda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Mei 2002, bendera ya Umoja wa Mataifa ilishushwa na ya Timor-Leste ikapandishwa mbele ya Katibu Mkuu Kofi Annan. Rais wa Indonesia, Megawati Sukarnoputri, alihudhuria. Idhini ya UNTAET ikakoma, lakini walinda amani hawakuondoka siku hiyo. Ujumbe mwingine, UNMISET, uliidhinishwa ukianza na wanajeshi 5,000 na polisi 1,250, ukiwa na mpango wa kupunguzwa hatua kwa hatua. Kazi ya polisi ilikabidhiwa wilaya baada ya wilaya.

Mpango huu una sifa ambayo wapangaji wa serikali za mpito kwingineko wanaweza kuiiga: kila ngazi iliwapa wenyeji uwezo fulani wa kweli kabla ya ngazi iliyofuata. Dosari yake ni haraka. Bunge la Katiba lilipewa siku 90 za kuandaa sheria kuu ya nchi. Muda huo uliongezwa, lakini hata baada ya kuongezwa haukutosha kuifikisha rasimu vijijini na kuijadili katika lugha ambazo wanavijiji walizielewa.

7.0 MTIHANI WA MWAKA 2006

UNMISET ilimaliza kazi tarehe 20 Mei 2005. Ofisi ndogo ya kisiasa isiyokuwa na wanajeshi iliachwa kwa mwaka mmoja, nayo ilitarajiwa kufungwa tarehe 20 Mei 2006. Baraza la Usalama liliitaja Timor kama mfano wa mafanikio.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 mamia ya wanajeshi waliwasilisha malalamiko kwamba waliotoka magharibi mwa nchi walikuwa wakibaguliwa katika jeshi. Mwezi Machi karibu askari 600 walifutwa kazi. Mwishoni mwa Aprili maandamano yao yaligeuka ghasia. Tarehe 25 Mei, siku tano baada ya tarehe ambayo ofisi ya Umoja wa Mataifa ingefungwa, polisi waliokuwa wamesalimisha silaha zao walikuwa wakisindikizwa barabarani Dili na maafisa wa Umoja wa Mataifa. Wanajeshi wa nchi yao wenyewe waliwafyatulia risasi, wakawaua wanane. Takriban watu 150,000 walihama makwao. Alkatiri, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, alijiuzulu mwezi Juni, na Agosti Baraza la Usalama likaunda ujumbe mwingine, UNMIT, ambao ulibaki hadi tarehe 31 Desemba 2012.

Sababu za mgogoro huo ni nyingi. Jeshi liliundwa mwaka 2001 kwa kuwaajiri wapiganaji 650 wa msituni na kuwaacha wengine wakinung'unika. Polisi nao waliwajumuisha baadhi ya watu waliohudumu chini ya Indonesia. Ukosefu wa kazi mjini ulikuwa mkubwa. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, kuna jambo jingine la kuzingatia. Maneno mawili ya Kitetum yalitumiwa kuwagawa watu: lorosae na loromonu. La kwanza lina maana ya upande jua linakopanda, la pili upande linakoangukia. Kiswahili kina jozi kama hiyo, macheo na machweo. Ni maneno ya dira tu, yasiyo na ubaya wowote. Lakini katika miezi hiyo mtu aliulizwa yeye ni wa jua lipi, na jibu lake likaamua iwapo nyumba yake ingechomwa. Mkenya aliyeshuhudia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hahitaji kuelezwa jinsi neno la kawaida linavyonolewa likawa panga.

Ikumbukwe kuwa ripoti na mikutano ya tathmini ya Umoja wa Mataifa iliendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Manung'uniko ya kambini na sokoni yalisemwa kwa Kitetum na lugha nyingine za nyumbani. Yamkini hili si sababu ya mgogoro, ila ni sehemu ya maelezo ya kwa nini wengi walishtuka.

8.0 ULINGANISHO: KIVU KUSINI, 2024

Mwezi mmoja hivi baada ya UNTAET kuundwa, tarehe 30 Novemba 1999, Baraza la Usalama liliunda ujumbe wa kulinda amani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2010 jina lake likawa MONUSCO. Wa Timor ulitawala kwa muda usiofika miaka mitatu. Wa Kongo haukupewa kutawala, na umedumu kwa zaidi ya miongo miwili.

Serikali ya Kongo iliomba ujumbe huo uondoke, na Desemba 2023 Baraza la Usalama likaidhinisha mpango wa kuondoka kwa awamu kuanzia mkoa wa Kivu Kusini. Tarehe 28 Februari 2024 kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa polisi wa Kongo, na kufikia tarehe 30 Juni shughuli za MONUSCO katika mkoa huo zilikuwa zimekoma. Huko Kiswahili ndicho lugha ya soko, kanisa na barabara, na redio ya Umoja wa Mataifa, Radio Okapi, ilikuwa ikikitumia tangu mwaka 2002. Kwa upande huu, wakazi wa Kivu walisemezwa kwa lugha yao zaidi ya wengi waliopitia hali kama hiyo.

Lakini kusemezwa si kukabidhiwa. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na Februari wakaingia Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini. Ulinganisho huu unahitaji uangalifu. Haifai kusema kuwa Bukavu ilianguka kwa sababu walinda amani waliondoka, kwa maana Goma ilianguka ilhali wao wangali pale. Funzo ni kwamba kuwapo kwao hakukuwa ngao kamili, na kuondoka kwao hakukuwa ishara kuwa kazi imekwisha. Iwapo hakuna taasisi ya wenyeji yenye nguvu ya kuyapokea mamlaka, kukabidhi kambi ni kukabidhi ua na mabati.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yamedhihirisha kuwa idhini na mamlaka ni vitu viwili. Idhini ya UNTAET ilimalizika usiku mmoja wa Mei 2002, lakini mamlaka yaliendelea kutafuta mwenyewe kwa miaka kumi zaidi. Kutokana na uchunguzi huu, mambo manne yanajitokeza kwa yeyote anayepanga utawala wa mpito.

Mosi, wenyeji wapewe madaraka ya kweli mapema, hata kama watakosea, kwa kuwa asiyeshika usukani hajifunzi kuendesha. Pili, mwisho wa idhini upimwe kwa uwezo wa polisi, jeshi na mahakama, wala si kwa kalenda pekee. Tatu, mpango wa lugha uwe sehemu ya mpango wa makabidhiano tangu siku ya kwanza: wafasiri wafunzwe, istilahi za sheria ziundwe katika lugha ya wengi, na rasimu za katiba zijadiliwe katika lugha hiyo. Nne, wapangaji wayasikilize maneno ya mtaani, kwa sababu uhasama hutamkwa kabla ya kutendwa.

Timor-Leste haikuzama. Imeendelea kufanya uchaguzi na kubadilishana madaraka kwa kura, na mnamo Oktoba 2025 ilikubaliwa kuwa mwanachama wa 11 wa jumuiya ya nchi za Kusini Mashariki mwa Asia. Mafanikio hayo ni ya Watimor wenyewe. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi iliyobaki iko karibu na nyumbani. Mikataba ya amani ya Maziwa Makuu huwahusu mamilioni ya watu ambao lugha yao ya kuelewana ni Kiswahili. Lazima awepo mtu wa kuifasiri mikataba hiyo kwa usahihi, wa kuunda istilahi zake na wa kuifikisha Bukavu, Uvira na Beni kwa maneno yanayoeleweka. Mwenye nyumba hawezi kusemekana amerudishiwa nyumba yake iwapo hati ya nyumba hiyo bado anasomewa na mgeni.